Swali kutoka ukumbini: wananchi na wanasayansi wanapozungumza kuhusu ubongo

Mwaka 2012, mtafiti Tilo Kunath wa Chuo Kikuu cha Edinburgh alikuwa akieleza kazi yake mbele ya watu walioguswa na ugonjwa wa Parkinson, maradhi ya ubongo yanayovuruga mwendo wa mwili. Muda wa maswali ulipofika, muuguzi mstaafu, Joy Milne, aliuliza kwa nini watu wenye ugonjwa huo wana harufu ya kipekee. Kunath hakuwa na jibu. Ilijulikana tangu zamani kwamba wagonjwa wengi wa Parkinson hupoteza uwezo wa kunusa, lakini mama huyu alikuwa anasema jambo jingine kabisa: yeye ndiye aliyewanusa. Mumewe Les, ambaye alikuwa daktari, aligunduliwa kuwa na Parkinson akiwa na miaka 45, na miaka kama 12 kabla ya hapo mkewe alikuwa ameona harufu ya mwili wake imebadilika na kuwa nzito, mfano wa miski. Walipoanza kuhudhuria mikutano ya wagonjwa ndipo alipong'amua kwamba chumba kizima kina harufu ile ile.

Swali hilo liliachwa hapo kwa muda. Baadaye, baada ya kulizungumza na mwenzake, Kunath alimtafuta Milne na kumpa fulana 12 azinuse, sita zikiwa zimevaliwa na wagonjwa na sita na watu wasio na ugonjwa. Alizitambua zote za wagonjwa, kisha akashikilia kwamba fulana moja ya kundi la pili nayo ina harufu ile. Hilo lilihesabiwa kuwa kosa lake pekee. Miezi minane baadaye mwenye fulana hiyo akaambiwa na madaktari kwamba ana Parkinson. Perdita Barran wa Chuo Kikuu cha Manchester na wenzake wakaanza kuchambua mafuta ya ngozi ya mgongoni, na mwaka 2019 wakachapisha orodha ya molekuli ambazo viwango vyake kwa wagonjwa si sawa na kwa watu wengine. Joy Milne ni mmoja wa waandishi wa makala hiyo.

Mipango mingi ya "kuelimisha umma" kuhusu sayansi ya ubongo haikuandaliwa kwa ajili ya tukio la namna hii. Imejengwa juu ya wazo kwamba maarifa yako jukwaani na ujinga uko ukumbini, kwa hiyo kazi ni kuyamimina kutoka juu kwenda chini. Edinburgh maarifa yalipanda kutoka chini, na nusura yapotee kwa sababu hakukuwa na mtu aliyetarajia yatokee upande huo. Ninachotaka kueleza hapa ni kwamba mazungumzo kati ya wananchi na wanasayansi wa ubongo ni sehemu ya utafiti wenyewe. Yakiachwa hadi mwisho kama mapambo, sayansi hukosa maswali na wananchi hukosa kauli.

Wazo la kumimina maarifa lina historia. Mwaka 1985 jopo la Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, chini ya Walter Bodmer lilitoa ripoti kuhusu uelewa wa umma juu ya sayansi, likiwahimiza wanasayansi watoke maabara na kuzungumza na watu. Ulikuwa wito mzuri, lakini ulibeba dhana iliyokuja kupingwa vikali, yaani kwamba mtu akishajua zaidi atakubali zaidi. Mwaka uliofuata kinu cha nyuklia cha Chernobyl kililipuka, na mvua ikaangusha seziamu, madini yenye mionzi, juu ya milima ya Cumbria, kaskazini mwa Uingereza. Wataalamu waliwaambia wafugaji wa kondoo kwamba zuio la kuuza mifugo lingeisha baada ya wiki tatu. Makadirio yao yalitegemea jinsi seziamu inavyoshikwa na udongo wa mfinyanzi, ilhali udongo wa milimani ni wa mboji yenye tindikali, ambamo madini hayo huendelea kufyonzwa na majani mwaka baada ya mwaka. Zuio la mwisho liliondolewa mwaka 2012.

Mwanasosholojia Brian Wynne aliwafuata wafugaji hao na kuandika walichokiona. Wataalamu waliwahi kuwafungia kondoo ndani ya uzio ili kujaribu kama unga wa madini fulani ungepunguza mionzi. Wafugaji waliwaonya kwamba kondoo waliozoea kuzurura milimani hukonda wakifungiwa, kwa hiyo jaribio halitapima kitu. Hawakusikilizwa, na jaribio likaachwa baadaye. Wafugaji hawa hawakuwa wapinzani wa sayansi. Walikuwa na maarifa ambayo jaribio lenyewe liliyahitaji. Kufikia mwaka 2000, kamati ya baraza la juu la bunge la Uingereza ilikuwa imekwisha kuandika kwamba kuelimisha pekee hakutoshi, na kwamba sayansi inahitaji mazungumzo ya kweli na jamii.

Kwa ubongo jambo hili ni zito zaidi kuliko kwa kondoo. Mtu anayesikiliza mhadhara kuhusu nyota anasikia habari za kitu kilicho mbali naye. Anayesikiliza mhadhara kuhusu kumbukumbu, uraibu, kifafa au usonji anasikia habari zake mwenyewe, za mama yake anayesahau majina, za mtoto wake aliyechelewa kuzungumza. Kila sentensi ya mtafiti hupimwa dhidi ya maisha ya mtu. Hapo ndipo pande mbili hupishana bila kujua, na inafaa tuone zinapishana wapi.

Tuanze na picha. Wengi tumeziona picha za ubongo zenye mabaka mekundu na ya manjano, zikiambatana na maneno kama "hapa ndipo upendo unapokaa". Mashine ya MRI inayotumika kuzitengeneza haipigi picha ya wazo. Inapima mabadiliko ya oksijeni katika damu, kwa sababu damu huongezeka mahali ambapo seli zimefanya kazi. Kilele cha badiliko hilo huja sekunde tano au sita baada ya tukio, wakati seli za neva huwasiliana kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kijimchemraba kimoja cha picha, chenye upande wa milimita mbili au tatu, hubeba mamia ya maelfu ya seli. Rangi zenyewe huwekwa na kompyuta baada ya hesabu za takwimu kuamua ni wapi tofauti imevuka mpaka uliochaguliwa na mtafiti.

Craig Bennett na wenzake nchini Marekani walionyesha mwaka 2009 jinsi hesabu hizo zinavyoweza kupotosha. Walimweka samaki aina ya salmoni, aliyekwisha kufa, ndani ya mashine, wakamwonyesha picha za watu, na wakafuata hatua zote za jaribio la hisia. Bila kusahihisha takwimu ipasavyo, baadhi ya vijimchemraba katika ubongo wa samaki huyo vilionekana "kufanya kazi". Sababu yake ni rahisi kuieleza: picha moja ina maelfu kwa maelfu ya vijimchemraba, na ukikipima kila kimoja peke yake, vichache lazima vitavuka mpaka kwa bahati tu. Watafiti walikusudia kuwahimiza wenzao wafanye masahihisho hayo siku zote. Naamini kila msomaji wa habari za ubongo anastahili kukijua kisa hiki, kwa sababu kinampa swali la kuuliza ambalo mtafiti mwaminifu atalipenda: mlisahihisha vipi, na mlipima watu wangapi?

Halafu kuna nguvu ya lugha yenyewe. Mwaka 2008 Deena Weisberg na wenzake walichapisha jaribio ambalo watu walipewa maelezo ya tabia za binadamu, mengine mazuri na mengine mabovu, kisha kwenye baadhi wakachomeka sentensi kuhusu maeneo ya ubongo zisizosaidia hoja kwa lolote. Watu wa kawaida, na hata wanafunzi waliokuwa wakisoma somo la sayansi ya neva, waliyaona maelezo mabovu kuwa ya kuridhisha zaidi yalipopambwa hivyo. Wataalamu hawakudanganyika. Neno "ubongo" lina uzito wa kufunga mjadala kabla haujaanza, na wanaouza dawa za kuongeza akili, michezo ya kunoa kumbukumbu na kozi za malezi wanaujua uzito huo vizuri.

Kupishana kwa tatu ndiko kunakoumiza zaidi, nako ni kati ya wastani na mtu mmoja. Mtafiti anasema kundi la watu wenye sonona lina, kwa wastani, sehemu fulani ya ubongo iliyo ndogo kidogo kuliko ya kundi lisilo na sonona. Anayesikiliza anasikia kwamba sonona inaonekana kwenye picha, na kesho yake anataka mwanawe apigwe MRI. Lakini makundi hayo mawili huingiliana mno, kiasi kwamba ukipewa picha ya mtu mmoja huwezi kujua ametoka kundi lipi. Hadi leo sonona hutambuliwa kwa mazungumzo na uchunguzi wa daktari, wala hakuna picha ya ubongo inayochukua nafasi yake. Mtafiti akisema hivyo waziwazi, kwa sentensi mbili, huokoa fedha na machozi ya watu. Asiposema, hakuna atakayemshitaki kwa uongo, maana kila alichosema kilikuwa sahihi.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa muziki wa Mozart. Jaribio la mwaka 1993 lilihusu wanafunzi 36 wa chuo, waliofanya vizuri zaidi katika kazi za kufikiri maumbo baada ya kusikiliza dakika kumi za muziki, na nafuu hiyo ilidumu kama robo saa. Watoto wachanga hawakuhusika hata mmoja. Miaka mitano baadaye gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, aliomba fedha za umma ili kila mtoto anayezaliwa apewe rekodi ya muziki wa aina hiyo. Kati ya maabara na ofisi ya gavana hakukosekana watu werevu. Lililokosekana ni nafasi ya mtu kusimama na kuuliza: waliopimwa ni akina nani?

Sitaki ieleweke kwamba kazi ya wananchi ni kusahihishwa tu. Mara nyingine imani potofu ya umma, ikichukuliwa kwa uzito, humrudisha mwanasayansi kwenye vitabu vyake mwenyewe. Mtafiti wa Brazili, Suzana Herculano-Houzel, alipokuwa akifanya kazi ya kueleza sayansi kwa umma, aliwauliza wakazi wa Rio de Janeiro maswali kuhusu ubongo. Zaidi ya nusu ya waliofika chuo kikuu waliamini kwamba tunatumia asilimia kumi tu ya ubongo wetu. Si kweli: hata tukiwa usingizini, ubongo wote una shughuli, na ni vigumu kupata sehemu unayoweza kuiumiza bila kuacha athari. Badala ya kucheka, alijiuliza imani hiyo imetoka wapi. Huenda, alifikiri, inahusiana na dai lililokuwa kwenye vitabu vya kiada kwamba seli za glia, yaani seli za ubongo zinazozihudumia seli za neva, ni mara kumi ya seli za neva. Akaanza kutafuta ni nani aliyewahi kuzihesabu, na hakupata chanzo cha kuaminika. Hata idadi maarufu ya seli za neva bilioni 100 haikuwa na msingi wa vipimo.

Yeye na Roberto Lent wakabuni njia ya kuyeyusha tishu za ubongo hadi ziwe kimiminika kilicho sawa kila mahali, ambamo viini vya seli huelea, hutiwa rangi na kuhesabika. Mwaka 2009 wakatangaza matokeo kutoka bongo za wanaume wanne: kwa wastani seli za neva bilioni 86, na seli nyingine karibu idadi hiyo hiyo. Ile mara kumi ikafutika. Wataalamu walikuwa wameikariri kwa miongo kadhaa, wakati huo huo wakiwasikitikia wananchi kwa asilimia kumi yao.

Maswali yanayoulizwa ni jambo moja, na nani anayeyachagua ni jambo zito zaidi, kwa sababu linagusa bajeti. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2004, kuna chombo kiitwacho James Lind Alliance kinachowakutanisha wagonjwa, walezi na wahudumu wa afya ili wakubaliane ni maswali gani ya tiba yatangulie. Orodha ya Parkinson ilipotolewa mwaka 2014, nafasi ya kwanza haikuchukuliwa na mtetemeko wa mikono, ingawa ndio dalili inayojulikana na kila mtu. Kilichotangulia ni kupoteza usawa wa mwili na kuanguka. Anayeishi na ugonjwa huu anajua kwamba mkono unaotetemeka unaudhi, lakini kuanguka kunavunja nyonga na kumfungia mtu ndani ya nyumba. Dawa zinazofidia upungufu wa dopamini, kemikali ya ubongo inayopungua katika ugonjwa huu, husaidia dalili nyingi, ila usawa wa mwili hauitikii vizuri. Hitaji lilikuwepo siku zote, likisubiri kuulizwa.

Kwa usonji pengo ni pana zaidi. Mwaka 2013 Liz Pellicano na wenzake walichunguza fedha za utafiti wa usonji nchini Uingereza, wakakuta zaidi ya nusu inakwenda kwenye biolojia, ubongo na utambuzi, huku utafiti wa huduma na wa maisha ya kila siku katika jamii ukipata sehemu ndogo sana. Walipowauliza watu wenye usonji na familia zao, wengi walitaka utafiti unaogusa maisha ya sasa: shule, kazi, huduma, jinsi ya kuishi utu uzima. Hapa sikubaliani na wanaodai basi utafiti wa msingi usimame. Hakuna mgonjwa wa mwaka 1950 ambaye angeomba kwa jina utafiti uliotuletea dawa za leo. Ila nusu kwa chembe ni mgawanyo ambao lazima mtu autetee hadharani, mbele ya wanaohusika, na kwa miaka mingi hakuna aliyeombwa kufanya hivyo.

Ukumbi wa mhadhara si mahali pa kutosha kwa utetezi wa namna hiyo. Denmark ilianzisha njia nyingine mwaka 1987: kundi dogo la raia wasio wataalamu husoma nyaraka, huchagua maswali, huwahoji wataalamu waliowachagua wao, kisha hujifungia na kuandika maoni yao. Njia zinazofanana na hiyo zilitumiwa na mradi uitwao Meeting of Minds, ulioratibiwa na King Baudouin Foundation ya Ubelgiji. Raia 126 kutoka nchi tisa za Ulaya, wakizungumza kwa lugha mbalimbali kupitia wakalimani, walijadili sayansi ya ubongo na Januari 2006 wakatoa mapendekezo 37. Ukiyasoma mambo waliyoyagusa utaona hawakuhangaika na majina ya maeneo ya ubongo. Waliuliza nani anasimamia teknolojia hizi, nani anaamua ubongo upi ni wa kawaida, makampuni yanashinikiza kiasi gani, na kama tiba zitawafikia wasio na uwezo.

Miaka 20 iliyofuata imewapa haki. Kifaa cha jicho kiitwacho Argus II, kilichowawezesha watu waliopofuka kuona tena mwanga na maumbo kwa kusisimua neva za retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kiliwekwa kwa zaidi ya watu 350. Kisha kampuni iliyokitengeneza ikaacha kukihudumia, na wenye macho hayo wakabaki na chombo ndani ya mwili ambacho hakina vipuri wala fundi. Jaribio la kitabibu linaweza kupima kwa usahihi kama kifaa kinafanya kazi bila kuuliza nini kitatokea kampuni ikifilisika. Mwananchi yeyote aliyewahi kununua kitu kikaharibika angeliuliza hilo mapema.

Chile ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2021 ilibadilisha katiba yake ili ilinde shughuli za ubongo na taarifa zinazotokana nazo. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamuru kampuni ya Emotiv, inayouza vifaa vya kuvaa kichwani, ifute data za ubongo za seneta wa zamani Guido Girardi, ambaye alikuwa mtetezi mkuu wa badiliko hilo la katiba. Wapo wanasheria wanaoona haki mpya hazikuhitajika kwa kuwa faragha ilikuwa tayari inalindwa. Hata hivyo mjadala ulifanyika bungeni na mahakamani, mahali ambapo hukumu ina meno, na ulifanyika kabla vifaa hivyo havijawa vya kawaida kama simu.

Wakati ndio unaoharibu mazungumzo mengi. Umma huitwa bajeti ikiwa imepitishwa, kifaa kimeshatengenezwa, na kilichobaki ni kuchagua rangi ya kipeperushi. Kosa la pili ni kuita wale wale: waliosoma, wenye nafasi mchana, wanaojua kuongea mbele za watu. Mtu aliyepata kiharusi na anayehitaji dakika mbili kumaliza sentensi hupata nafasi pale tu mwenyekiti anapokuwa amepanga dakika hizo. Mwenye dimenshia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, huja na mlezi wake, na mlezi huyo ana maswali yake mwenyewe ambayo si ya mgonjwa. Na watafiti nao wanahitaji kitu: muda unaohesabiwa kuwa kazi. Mtafiti kijana anayetumia wiki kuzungumza na wagonjwa badala ya kuandika makala hujirudisha nyuma katika kupandishwa cheo, na hilo halitabadilika kwa kumsifu.

Kama ningeombwa jambo moja la kudai kutoka kwa taasisi yoyote inayoalika wananchi kujadili utafiti wa ubongo, ningedai jina na tarehe. Kabla kikao hakijaanza, iandikwe ni nani mwenye mamlaka ya fedha au sera atakayepokea mapendekezo, na ni siku gani atajibu kwa maandishi, pendekezo kwa pendekezo: hili tumelikubali, hili tumelikataa kwa sababu hizi, hili linasubiri. Majibu hayo yapelekwe kwa kila aliyehudhuria, kwa lugha aliyoitumia kuuliza.